Siku Dampa Alipolala Mbele ya Gambuti za Dada Yangu

Mbwa wangu hasemi uongo. Nimewaambia watu hivyo mara nyingi na wengine wamenicheka usoni, lakini naanzia hapo hapo, maana siku aliposema ukweli mbele yangu, mimi ndiye niliyemwambia aache upuuzi.

Ilikuwa asubuhi, tumesimama kwenye geti la shamba la mzee Mulcahy, kazi hata hatujaanza. Nilikuwa namfunga Dampa mkanda wake wa kazini.

Ghafla akanichomoka. Akaenda moja kwa moja kwa dada yangu Leonie, akalala chini mbele ya gambuti zake. Pua katikati ya miguu ya mbele, macho kwangu, kimya.

Kwa mtu mwingine hapo hakuna habari. Mbwa kalala, basi.

Mimi nilishtuka. Dampa halali hivyo akiwa amechoka, wala halali hivyo nyumbani. Analala hivyo kwa kitu kimoja tu, akikuta mavi ya koala.

Leonie akacheka. "Huyu leo kaamka na uvivu wake. Mwondoe bwana, jua linapanda."

Nikamwondoa, na mpira anaopewa kila akilala hivyo sikumpa. Akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka nakosa raha.

Sasa ngoja niwaeleze tulifikaje pale.

Naitwa Philippa, lakini hakuna anayeniita hivyo isipokuwa benki. Mimi ni Pip. Naishi kwenye mji mdogo kando ya mto, kaskazini ya New South Wales, Australia, na kazi yangu ni kutembea nyuma ya mbwa.

Huku kwetu mtu akitaka kujenga penye mikaratusi, kwanza ijulikane kama koala wanakaa humo, maana sheria inawalinda. Koala mwenyewe usihangaike kumtafuta. Amejikunja juu kwenye panda ya tawi, rangi yake na gome ni ile ile, utapita chini yake na maneno yako mengi na hutamwona.

Ila hajui kuficha choo chake. Chini ya mti wake kuna vidonge vidogo, ukubwa wa kokwa ya zeituni, vimezama kwenye majani makavu. Mtu akivitafuta kwa macho anamaliza siku kwa magoti. Mbwa aliyefundishwa anapita, anageuza kichwa, analala chini, kazi imekwisha.

Dampa aliletwa na Leonie. Hilo nalisema mapema ili msije mkadhani dada yangu alikuwa mtu mbaya kwangu siku zote.

Ulikuwa mwaka wa yale mafuriko. Mto ulipanda hadi kwenye mapaa. Nyumba ya Leonie ilikuwa bondeni, ikaoza kuanzia sakafu hadi dari, akabaki na nguo za mwilini na paka mmoja ambaye naye alikufa baadaye. Nyumba yangu iko mteremkoni, maji yaliishia kwenye ngazi. Akaja na karavani ya kuazima, kile kijumba cha bati cha kuvutwa na gari, akaiegesha uani kwangu, akasema ni kwa muda tu.

Muda huo ukawa miaka.

Mimi nami mwaka ule mume wangu alikuwa ameondoka, na sikuwa mtu wa kutazamwa. Sikuoga vizuri, sikula. Siku moja Leonie akaingia jikoni na mbwa mwekundu mwenye masikio ya kusimama, ukoo wa wale wachunga kondoo.

"Familia tatu zimemrudisha kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe," akasema. "Wanadai ana kichaa cha mpira. Ametia mpira kwenye supu ya mtu, ametia kwenye kitanda cha mtoto. Nikaona nyie wawili mnafaana, maana hakuna anayewataka."

Nikacheka. Kwa mara ya kwanza tangu mume aondoke, nikacheka mpaka nikakaa chini. Tukamwita Dampa, kwa jina la ule mkate wa kuokwa majivuni, maana alikuwa na rangi ya kuungua pembeni.

Kile kichaa cha mpira ndicho kilichotuokoa sote wawili. Mbwa wa kunusa hafundishwi kwa kupigwa wala kwa nyama. Anafundishwa kwa mchezo, na anayefaa ni yule yule ambaye watu wamemchoka.

Nilianza na kombolela la kitoto. Naficha mpira nyuma ya mlango, anautafuta, anaupata, tunaruka. Halafu naficha mpira kwenye kopo lenye mavi ya koala. Halafu mavi yanabaki, mpira hautoki tena kwenye kopo, unatoka hewani. Kwa kweli unatoka mkononi mwangu, naurusha juu ya bega lake bila yeye kuona, unaangukia pale pale alipolaza pua. Kichwani mwake yale mavi ndiyo yanayozaa mpira.

Na mpira hautoki wakati mwingine wowote. Si zawadi ya birthday, si kwa ajili ya wageni. Unatoka kwenye mchezo tu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Mpira peke yake hautoshi. Lazima ushangilie. Lazima upige kelele, uruke, uvutane naye, ufanye ujinga wako wote hadharani. Dampa ukimpa mpira kimya kimya anauangalia, kisha anakuangalia wewe, kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. Haamini kwamba ameshinda.

Kwa hiyo nilimtungia wimbo. Wimbo wa hovyo kabisa, naona aibu kuuandika, lakini nitauandika. "Nani bingwa wa mavi? Dampa! Nani mfalme wa mavi? Dampa!" Huku nimeshika ncha moja ya kamba iliyofungwa kwenye mpira wake, yeye ameng'ang'ania nyingine, tunazunguka kama wendawazimu.

Leonie alikuwa anatuangalia kupitia dirisha la karavani na kutikisa kichwa. Baadaye akaanza kutoka nje na kikombe chake cha chai. Baadaye akaomba ajaribu. Nikamfundisha kila kitu. Lini urushe, lini usirushe, upepo usome vipi, wimbo uimbe kwa sauti gani.

Nilipoanza kupata kazi nikamchukua awe msoma ramani wangu. Kazi hii inataka watu wawili. Anayemwongoza mbwa hatakiwi kuangalia kitu kingine chochote, macho yake yote ni kwa mbwa, maana ishara zake nyingine ni ndogo sana, mkia tu umebadilika mwendo. Kwa hiyo mtu wa pili anatembea nyuma na kifaa cha ramani, anasema pinda kushoto, hapa mwisho, rudi. Mwenye mbwa anafuata bila kuuliza. Ukianza kuuliza humwoni tena mbwa.

Nami sikuwa nauliza. Nani anamwuliza dada yake kushoto ni wapi?

Jambo moja zaidi, halafu narudi getini. Mbwa wa kunusa anaishi kwa neno lake. Akisemwa mara moja tu kwamba analala ovyo, au anapita juu ya mavi bila kulala, habari inaenea na hakuna atakayemwita tena. Na Dampa bila kazi si mbwa wa kukaa sebuleni. Nilishaona alivyokuwa siku alizokosa mchezo wakati mguu wangu umeteguka. Alilamba ukuta mpaka rangi ikatoka, na kula akaacha.

Basi, kilima cha Mulcahy.

Mzee alikuwa anauza. Mnunuzi alitaka kujenga nyumba juu kabisa, mahali ambapo mto hata ukasirike vipi haufiki. Mji mzima ulikitaka kilima kile, na mimi nilikitaka, sikatai. Watu walikuwa wamechoka kuishi kwenye karavani. Shida ilikuwa upande mmoja, kwenye bonde lenye mikaratusi mikubwa. Likikutwa na koala, upande ule haujengwi.

Kazi ilikuwa Alhamisi. Jumatano nilikuwa Brisbane, nilimpeleka mama kwa daktari wa macho, na Dampa nikamwacha na Leonie kama kawaida yetu.

Alhamisi ndiyo hiyo ya gambuti.

Tulipoingia shambani Leonie akasema tuanzie upande wa juu, chini kuna tope. Upepo ulikuwa nyuma yetu, jambo ambalo silipendi, mbwa hufanya kazi vizuri upepo ukimjia usoni. Nikamwambia. Akasema tutazunguka baadaye. Nikasema sawa.

Tukatembea mstari kwa mstari. Hakuna kitu. Dampa alikuwa mzito, ananusa halafu ananitazama, ananusa halafu ananitazama, kama anayeuliza leo kanuni ni zipi.

Kuna mahali karibu na kona ya bonde upepo uligeuka kidogo. Dampa akainua pua juu, mkia ukasimama, akaanza kuvuta kuelekea mikaratusi mitatu mikubwa ng'ambo ya uzio wa zamani ulioanguka.

"Huko ni kwa jirani," Leonie akasema nyuma yangu. "Mpaka wetu ni huo uzio. Ukivuka tunaingia matatani na watu."

Nikampigia Dampa mluzi arudi. Alirudi, lakini kila baada ya hatua chache anageuka kutazama kule.

Tulimaliza kabla ya chai ya mchana. Hakuna hata kidonge kimoja. Nikaiandikia halmashauri ripoti kwamba upande ule hauna dalili ya koala, jina langu chini. Jioni Leonie akafungua bia, akasema angalau mara moja kuna habari njema kwa binadamu. Nikagonga kopo langu na lake.

Wiki zikapita. Siku moja nikakutana na Noreen duka la mikate. Noreen ni mjane anayekaa upande wa pili wa lile bonde, nyumba yake inatazama mikaratusi. Mama mwenye maneno mengi na moyo mzuri, nilishamtolea Dampa kupe mbele yake na tangu hapo ananiita binti.

Akaniambia amesoma kwenye ubao wa matangazo kwamba ujenzi umeruhusiwa, na ameshangaa.

"Mimi nilijua ripoti yenu itajaa koala tele," akasema. "Jumatano ile mlishangilia kutwa kule bondeni. Nilikuwa naanua nguo nacheka peke yangu. Mwanamke mzima anaimba habari za mavi."

Nikamwambia atakuwa amechanganya. Kazi ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi hatukushangilia hata mara moja.

"Alhamisi mlikuwa kimya, ndiyo, nikajua mmeshamaliza raha zenu. Nasema Jumatano, binti. Siku ya kufua."

"Ulimwona nani, Noreen?"

"Mbwa wako. Na dada yako. Nani bingwa wa mavi, Dampa. Hata mimi nimeukariri."

Mkate niliuacha juu ya kaunta.

Nilijiambia kuna maelezo, Leonie alimpeleka tu akanyooshe miguu. Lakini mtu haimbi wimbo ule kwa matembezi. Wimbo ule unaimbwa Dampa akipata, na Noreen alisema uliimbwa kutwa.

Nilienda nyumbani nikamchukua Dampa, nikapitia uani kwa Noreen mchana ule ule. Nikauliza mpaka wa shamba la Mulcahy uko wapi. Noreen akanionyesha kijito, mbali sana huku chini. Ule uzio ulioanguka, akasema, ulikuwa wa ndama, marehemu mume wake alimsaidia Mulcahy kuujenga.

Kwa hiyo mikaratusi ile mitatu ilikuwa ndani ya shamba. Ilikuwa kazi yangu.

Nikamfungua Dampa. Sikupata hata nafasi ya kumwambia tafuta. Hakunusa, hakuzunguka. Alikimbia kama mtu anayerudi kwao, akafika kwenye mti wa kwanza, akalala. Akanyanyuka, mti wa pili, akalala. Wa tatu, akalala, akanitazama. Mkia ulikuwa unafagia majani.

Mimi sikuwahi kumfikisha pale hata siku moja.

Nilipiga magoti nikafukua majani. Vidonge vilikuwepo, vibichi na vikavu. Nikatazama juu. Ilinichukua muda, lakini nilimwona, mama koala na mtoto mgongoni, wanatutazama bila haraka.

Nikarusha mpira. Nikaimba wimbo, maana alistahili na zaidi, ila sikuumaliza. Dampa hakujali. Alifurahi kwa ajili yetu sote.

Leonie alikuwa anakaanga soseji nje ya karavani niliporudi. Nikamwuliza Jumatano ile alikuwa wapi na mbwa wangu.

Hakuruka wala hakukataa. Alizima jiko kwanza. Nilijua hapo hapo kwamba alishajiandaa kwa siku hii.

Akanieleza yote kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa maelekezo ya barabara. Mnunuzi alimwahidi kiwanja cha kwanza, achague mwenyewe, upande ule ukiruhusiwa. Kwa hiyo Jumatano alimwingiza Dampa akacheza naye mchezo, ili amwonyeshe miti yote yenye kitu. Alipoijua, aliokota mavi kadiri alivyoweza, akayatia kwenye ndoo. Ile mitatu ilimshinda, koala alikuwa juu na anaendelea kuangusha, ndipo akaniambia uzio wa ndama ni mpaka. Gambuti alizisafisha, lakini pua ya Dampa bado ilinusa mavi.

Nilikaa kwenye ngazi ya karavani.

"Ulimtumia yeye," nikasema. "Ulimtumia Dampa kuwafutia koala makazi yao."

"Alifurahi, Pip. Hujawahi kumwona alivyofurahi siku ile."

"Na wimbo wangu uliimba."

"Asingecheza bila wimbo. Wewe ndiye ulinifundisha."

Nilitamani kumrushia kikaango. Nasema ukweli, mkono ulikwenda. Yeye naye akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, hilo ndilo baya lake.

"Wewe maji yaliishia kwenye ngazi," akasema. "Ngazi, Pip. Mimi nimelala kwenye bati hili mvua zote, kila ikinyesha navaa viatu kitandani. Nilitaka mahali pa kuvua viatu. Koala anaweza kuhamia mti mwingine. Mimi nihamie wapi?"

Mpaka sasa sina jibu zuri la hilo, na mkinitumia la kwenu nitalisoma.

Nikamwambia lazima niende kwa Ingrid, afisa wa mazingira anayepokea ripoti zangu pale halmashauri, niifute ripoti. Akanishika mkono.

"Basi sema mbwa alikosea," akasema. "Yaishe. Mbwa hana aibu, Pip. Hatajua hata kama amesemwa."

Mkono wangu niliutoa taratibu. Dampa alikuwa amekaa katikati yetu, anamtazama yeye, kisha mimi, anasubiri mmoja wetu afanye kitu cha maana.

Nilimwambia kwamba hilo halitatokea. Lakini kumtaja yeye nako sikuweza, ni dada yangu, ndiye aliyeniletea mbwa wakati nilikuwa nimekwisha. Nikamwahidi nitasema nilikosea mimi. Nitasema sikuuangalia vizuri mpaka wa shamba. Aibu itakuwa yangu, labda nitafungiwa kazi mwaka mmoja, nitaishi. Jina lake halitatoka mdomoni mwangu.

Akanikumbatia kwa nguvu na akalia begani kwangu. Nikaona pamoja na yote, dada yangu bado ninaye.

Ilikuwa Jumapili. Jumatatu nilichelewa kidogo kwa sababu nilirudi bondeni kupiga picha. Nilifika halmashauri karibu na saa ya chakula. Ingrid akaniona mlangoni, akafunga mlango nyuma yangu, akanivutia kiti. Alikuwa na uso wa kunihurumia.

"Leonie alikuwa hapa tulipofungua," akasema. "Najua si rahisi kwako. Kesi za mbwa kuharibika zipo."

Nikauliza kuharibika vipi.

Akasema Leonie amemweleza kwa uchungu kwamba Dampa ameanza kulala ovyo siku nyingi, na mimi nimekuwa nikificha kwa kumpenda. Kwamba hata siku ya kilima cha Mulcahy alilala mbele ya gambuti za Leonie kabla kazi haijaanza, na mimi mwenyewe nilimwondoa bila kumpa mpira. Je, ni kweli?

Ilikuwa kweli. Kila neno la hiyo sehemu ya mwisho lilikuwa kweli.

Nilielewa polepole, nimekaa pale na picha zangu za miti. Kosa la mpaka lingefika kwenye ramani, na ramani ilikuwa mikononi mwake. Kosa la mbwa halifiki kwa mtu yeyote. Alinikumbatia Jumapili huku anajua Jumatatu atakwenda wapi.

Huo ndio wakati nilipompoteza dada yangu. Lile la bondeni, kwa miaka, ningelisamehe.

Nikamwambia Ingrid yote. Nilianza na Noreen na kamba yake ya nguo, nikamaliza na soseji. Jina la Leonie lilitoka mdomoni mwangu tena na tena na halikuniunguza.

Ingrid ni mtu wa haki. Alisema maneno ya dada wawili hayamsaidii, anayeweza kumsaidia ni Dampa. Akatupeleka kwenye uwanja wa kriketi wa zamani, akaficha vikopo mwenyewe mimi nikiwa nimegeuka, vingine na mavi ya koala, vingine na ya kangaruu na ya posamu, mnyama mwingine wa mitini, kimoja kitupu. Hata yeye alimpa msaidizi wake avibadilishe tena, ili asije akamwonyesha mbwa kwa macho.

Nilikuwa na hofu kuliko siku ya ndoa yangu. Nikamwambia Dampa, tafuta.

Hakukosa hata kimoja. Kila alipolala Ingrid alitikisa kichwa kukubali, na mimi niliimba wimbo wangu wa hovyo mbele ya watu wa halmashauri waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wanakula mikate yao. Mmoja wao mwishoni alikuwa anaitikia.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Bonde likaachwa, nyumba zikahamishiwa upande wa malisho, chache kuliko zilizopangwa. Leonie alikatazwa kazi za aina hii. Kiwanja cha kwanza alipewa mtu mwingine.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi. Alikuja jamaa na pikapu akaifunga karavani nyuma. Leonie alikuwa anabeba vitu vyake vya mwisho, hatukuwa tumesemeshana tangu siku ile. Nilikuwa barazani, sikutaka kwenda ndani ikaonekana nimemkimbia.

Karavani iliposogea kidogo, Dampa akaingia pale ilipokuwa imesimama miaka yote, kwenye nyasi zilizokufa. Akatoka na kitu mdomoni.

Ulikuwa mpira. Si wa kwangu. Wangu ni wa rangi ya machungwa na unakaa kwenye mkoba wangu wa kiunoni, haujawahi kulala nje. Huu ulikuwa wa bluu.

Hakuniletea mimi. Alikwenda kwa Leonie, akauweka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainama kwa miguu ya mbele, mkia juu, tayari.

Nikashuka ngazi nikauokota. Nilitegemea kuona mpira uliochezewa siku moja tu, ile Jumatano. Ulikuwa umetafunwa mpaka manyoya yote yameisha, umepasuka, umebonyea, una alama za meno juu ya alama za meno. Mpira wa bondeni siku moja hauwi hivyo. Dampa humaliza mpira mmoja kwa karibu mwaka.

Nikamtazama Leonie.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Akaupakia mzigo wake wa mwisho kwenye pikapu.

"Leonie. Vilima vingine vile tulivyokagua. Kwa akina Prentice, kule kwenye machimbo, kule barabara mpya. Tulisema hakuna kitu. Kulikuwa na kitu?"

Alifungua mlango wa pikapu, akapanda. Alimtazama Dampa kidogo, mimi hakunitazama. Dampa aliisindikiza karavani mpaka kwenye geti, akakaa pale, akawa anatazama barabara mpaka mchana.

Pengine alikuwa anajifurahisha tu na mbwa wakati mimi sipo. Inawezekana. Alikuwa mpweke, na Dampa huchangamsha mtu. Pengine sivyo. Sijui, na mtu pekee anayejua ameifungia namba yangu.

Jumatatu yake nilirudi kwa Ingrid na ule mpira wa bluu kwenye mfuko wa karatasi. Nikamwomba anipe mtu mwingine wa kusoma ramani, mtu nisiyemjua kabisa. Tumeanza kurudia vilima vyote, kimoja kimoja. Kwa akina Prentice tumeshafika. Miti haipo tena, kuna nyumba na bembea za watoto, na Dampa alitembea uwanja mzima ananusa, halafu akaja kukaa juu ya mguu wangu.

Nyie mnaofuga mbwa na kucheza nao, chezeni, hakuna kitu kizuri kama hicho. Ila jueni kwamba mbwa atacheza na yeyote anayefuata kanuni, na atampa pua yake yote bila kuuliza anaitakia nini. Kumjua binadamu si kazi yake. Hiyo kazi ilikuwa yangu, na mimi niliiacha kwa sababu aliyekuwa nyuma yangu na ramani nilizaliwa naye tumbo moja.